Kaa Mfukoni

Jumapili mchana, vyombo vilipokwisha kutolewa mezani, Mama Pasi alifuta meza kwa kitambaa kikavu, akarudia kwa kingine kikavu zaidi, kisha akawaambia wanawe wakunje suruali. Mkubwa, mwenyeji wao, akakunja zake mpaka magotini. Mfamasia, binti wa katikati, akavua viatu na kuviweka juu ya kabati, ambako maji hayafiki. Kitinda, yule wa mwisho, alikuwa ametoka kwake na kaptura kabisa, maana yeye ndiye aliyeuleta mchezo ule na tabia yake aliijua.

Ulikuwa mchezo wa karata, wa kujenga bahari. Sheria zake si ngumu. Kila mtu anagawiwa karata, anachagua moja anayoitaka, zilizobaki anampitishia aliyekaa kushoto kwake, naye anapokea zilizotoka kulia. Uliyochagua unailaza mbele yako. Ukilaza mwani anakuja wa kuula mwani, ukilaza dagaa anakuja wa kumla dagaa, na papa haingii baharini mwako mpaka kuwe na cha kutia mdomoni. Karata usiyoitaka, na hutaki mwenzio aipate, unaizika mchangani, yaani unaifunika kifudifudi pembeni, isikufae wewe wala isimfae mtu. Karata yako iliyolala unaweza kuiinua wakati wowote. Ya mwenzio ukiiinua, ni lazima ukailaze kwako. Mwenye bahari iliyoshiba ndiye mshindi.

Maji yalianza kuja Jumapili ya kwanza kabisa, Mama Pasi alipolaza mwani. Yalitoka chini ya karata, ya uvuguvugu, yakamwagika taratibu ukingoni mwa meza na kusimama kwenye vifundo vya miguu. Mke wa Mkubwa alichungulia kutoka jikoni, akauliza kama chumvi itaharibu zulia. Mfamasia akasema chumvi haina neno, ubaya ni kutokausha vizuri. Zulia likakunjwa likatiwa chumbani, na tangu siku hiyo Jumapili halikutandikwa.

Samaki nao walikuja kila mmoja na karata yake. Dagaa walipita kati ya vidole vya miguu wakitekenya watu. Kasa alipenda kukaa chini ya friji, na mwenye kutaka maziwa alimsogeza kwanza kwa mguu, kwa adabu.

Kilichochukua muda kuzoeleka ni kwamba karata zile zilikuwa zinasikia Kiswahili chote. Ukilaza taa, anakuja taa yule samaki, bapa na mkia wake, na hapohapo chumba kinawaka. Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima, nyumba ya Mkubwa ikabaki inang'aa madirishani, na jirani akaja na nguo yake iliyofumuka kuomba amalizie kushona palepale. Ukilaza kamba, wanakuja kamba na ndevu zao, na inakuja pia kamba ya kuanikia, imefungwa tayari kutoka dirisha hadi dirisha. Hiyo Mama Pasi aliifurahia sana, kwa sababu karata zenyewe zililowa, na kila mchezo ulipokwisha alizianika kwa vibanio, zikianza kukauka akazipiga pasi ya moto mdogo chini ya kitambaa. Mkubwa naye siku moja alilaza pono, akalala usingizi wa pono mpaka Jumatatu, kichwa mezani, mdomo wazi. Kazini aliwaambia alikuwa na homa.

Mama Pasi alikuwa dobi. Watoto wote watatu walisoma kwa mvuke wa pasi yake, na mtaa ukampa jina hilo, likamganda. Magoti yalipomchoka, wanawe walikaa kikao, wakaona si vizuri mama aishi peke yake ilhali ana watoto wazima. Udobi ukafungwa, vyumba vikarudishwa kwa mwenyewe, na Mama Pasi akaanza kuishi kwa zamu: mwezi kwa Mkubwa, mwezi kwa Mfamasia, mwezi kwa Kitinda, halafu mzunguko unaanza upya. Watu waliwasifu watoto wale. Mama Pasi mwenyewe aliwasifu. Alikula akashiba, wakwe walimwamkia vizuri, na hakuna aliyewahi kumpandishia sauti. Kitu kimoja tu alikikosa, nacho kilikuwa msumari.

Alikuwa na gauni moja la kutokea, la zambarau, lenye marinda kuanzia kiunoni. Gauni la namna ile halikunjwi, linatundikwa. Ukilikunja unaliumiza, na mtu aliyenyoosha nguo za watu maisha yake yote hawezi kuona gauni lake lina mikunjo akalala raha. Lakini Mkubwa alikuwa meneja wa ghala la rangi, na kuta zake kila mara zilikuwa ndiyo kwanza zimepakwa. Za Mfamasia zilikuwa mbao laini, hazishiki kitu. Kwa Kitinda mwenye nyumba alikataza kugongelea. Makabati yote yalijaa nguo za wenyewe.

"Halafu Mama, si ni mwezi tu," kila mmoja alimwambia kwa wakati wake, kwa upole.

Basi gauni likakaa sandukuni, sanduku likakaa chini ya kitanda, na kila mwisho wa mwezi Mama Pasi alilifungua akakuta mikunjo mipya. Ilimkera kuliko magoti.

Sasa, aliyegundua habari za kaa ni Kitinda, na hakuigundua kwa kupenda. Kitinda alikuwa mwalimu wa udereva, mwenye kigari cheupe chenye kibao juu ya paa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Jumapili moja alilaza karata ya kaa bila kufikiri. Kaa akatoka, mwekundu, akaenda upandeupande mpaka mlangoni, akasimama hapo. Mchezo ulipokwisha Kitinda akaaga, kwani alikuwa na mwanafunzi wa jioni. Akafika getini, akajikuta anarudi. Akatoka tena, akajikuta sebuleni anaomba chai. Mara ya tatu alikimbia, na hiyo ndiyo ikamrudisha na kasi akagonga kabati, viatu vya dada yake vikamwangukia.

"Hivi nimesahau nini humu ndani?" aliuliza.

"Hujasahau kitu," Mama Pasi alimjibu. "Umelaza kaa. Umeambiwa ukae, umekaa. Inua karata yako uende zako."

Kitinda akainua karata, akaenda. Wote walicheka mpaka mbavu zikauma. Kicheko kilipoisha, Mkubwa alimtupia jicho Mfamasia, Mfamasia akautazama mlango wa chumba cha wageni, ambako chini ya kitanda palikuwa na sanduku, kisha wakaanza kupiga maji deki.

Wiki ile yote neno hilo lilimcheza Mama Pasi kichwani. Kaa. Watoto wake walimwambia karibu, walimwambia pumzika, walimwambia jisikie uko kwako. Kaa walimwambia pia, kila siku, lakini walikuwa wanamwonyesha kiti. Ile nyingine hakuna aliyeisema. Naye kuomba hakuomba. Alikuwa na kiburi chake kidogo, alikilea. Lakini karata ikikufikia mkononi kwa haki, kuilaza si kuomba. Kwa Mkubwa, kwa Mfamasia au kwa Kitinda, kwake kote kulikuwa sawa. Alitaka ukuta ambao haungesema ni mwezi tu.

Ndiyo maana Jumapili hii, ambayo ilikuwa pia siku ya kuhama, alifuta meza mara mbili. Sanduku lilikuwa tayari mlangoni, jioni zamu inaingia kwa Mfamasia. Mkubwa akachanga karata, akagawa. Kaa walikuwa watatu katika mchezo mzima, na katika karata alizogawiwa Mama Pasi hakuwamo hata mmoja. Hakujali. Zilikuwa zinakuja. Kushoto kwa Mkubwa alikaa Mfamasia, kushoto kwa Mfamasia alikaa Kitinda, na kushoto kwa Kitinda alikaa yeye. Ndivyo na zamu zake zilivyokwenda, tofauti ni kwamba kwenye zamu alipitishwa yeye, na mezani alikuwa anapokea.

Mkubwa alizitazama karata zake, akakohoa, akazika moja mchangani.

"Unazika nini mapema hivyo?" Mama Pasi akamuuliza.

"Takataka tu, Mama."

Wakapitisha. Mfamasia akazipokea karata nyingine, akazipanga, akazipangua, akachomoa moja na kuizika.

"Na wewe?"

"Jongoo bahari, Mama. Siwapendi hao."

Wakapitisha tena. Mama Pasi alilaza matumbawe, akalaza changu, na changu alipotua kila mtu mezani alishika kikombe chake, kwa sababu wiki iliyopita alipolazwa vikombe vyote vilikwenda upande wa aliyemlaza. Mchezo ukanoga. Mkubwa akalaza pomboo, akarukiwa maji usoni, akacheka kama mtoto. Mama Pasi naye alikuwa anacheka, mpaka alipoona karata iliyozikwa na Mkubwa inatikisika.

Kaa ukimzika mchangani hujamfanya kitu, maana ndiko kwake. Karata iliinuka upande mmoja, yakachomoza macho mawili juu ya vijiti vyake, yakatazama huku na huku. Mkubwa akaiwekea kiwiko. Upande wa pili wa meza, ile ya Mfamasia nayo ikaanza kutembea upandeupande kuelekea kwa Mama Pasi.

"Jongoo lako lina macho," Mama Pasi akasema.

"Wengine wanayo," Mfamasia akajibu, akamfunika kwa kisahani.

Mama Pasi alipokea karata kutoka kwa Kitinda, akazipitia moja moja mpaka ya mwisho, akachagua nyangumi. Nyangumi hakuenea sebuleni, akabaki uani, akawa anapumua na kulowesha nguo zilizoanikwa. Kwa nyangumi huyo Mama Pasi alishinda mchezo, tena kwa mbali sana, na wanawe wakampigia makofi.

Alipokuwa anaanika karata aliwaona kaa wawili tu.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Atakuwa amebaki kwenye boksi, Mama," Kitinda akasema, mgongo umemgeukia, anakamua kitambaa.

Mama Pasi akaridhika na jibu hilo. Mkubwa alikuwa na rangi zake, Mfamasia alikuwa na visahani vyake, lakini Kitinda alimtembelea hata katikati ya wiki, na mchezo wenyewe aliununua ili mama yake asikae anatazama ukuta. Hakumwona akizika kitu. Kuwa na mmoja si haba, alijiambia, na akabeba mkoba wake.

Mfamasia alitangulia kwenda kutandika kitanda. Kitinda akatia sanduku kwenye buti, Mama Pasi akapanda kiti cha nyuma. Mbele hakai, kwa sababu upande ule una breki ya mwalimu, na aliwahi kuikanyaga kwenye mzunguko akidhani ni mahali pa kupumzishia mguu. Pembeni yake kitini palikuwa na koti la Kitinda, limetupwa tu, mkono mmoja ndani nje. Mama Pasi akalichukua alinyooshe. Na dobi hashiki nguo bila kupekua mifuko. Kalamu moja ikipita, mashuka ya watu yamekwisha. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Mfuko wa kushoto akakuta peremende. Mfuko wa kulia akakuta karata ya kaa.

Iliuma. Iliuma kuliko zile mbili za mchangani, kwa sababu wale waliificha ilipowafikia, huyu aliitoa boksini kabla karata hazijagawiwa. Mama Pasi aliishika karata akaiangalia. Alikuwa amewahi kuipiga pasi yeye mwenyewe, na ilikuwa imenyooka vizuri.

Angeweza kuvumilia mpaka wafike, akailaza juu ya meza ya Mfamasia, na hapo angekaa milele kwa haki zake zote. Lakini kukaa kwa mtu aliyekufunikia kisahani, ambaye kila ukikohoa atakutazama kama dawa iliyopitwa na wakati, hapana. Kwa Mkubwa hivyohivyo. Akainua macho. Gari lilikuwa safi, kiti laini, dirisha lake kubwa kuliko la chumba cha wageni. Juu ya dirisha palikuwa na kindoano cha plastiki.

"Baba, hiki kindoano cha nini?"

"Cha kutundikia koti, Mama."

"Mbona hulitundiki?"

"Sina mazoea."

Mama Pasi akalitundika koti, akalikung'uta bega, kisha akalaza karata kitini. Maji yakaja, ya uvuguvugu, yakasimama kwenye vifundo vya miguu na chini ya pedali. Kitinda akatazama kwenye kioo.

"Mama, umelaza nini?"

"Kaa."

"Umemtoa wapi?"

"Mfukoni mwako."

Taa za barabarani zilikuwa nyekundu. Kitinda alishika usukani kwa mikono miwili, kama anavyowafundisha wanaoanza. Masikio yalimwiva. Taa zikawa kijani, wa nyuma akapiga honi.

"Twende, baba," Mama Pasi akasema. "Unamkawiza mwenzio."

Kwa Mfamasia mlango ulikuwa wazi na chai imepikwa. Mama Pasi alishuka, akamkumbatia mkwewe, akafika kizingitini, akajikuta anafungua mlango wa gari. Akarudia, kwa heshima ya chai. Akajikuta amekaa kiti cha nyuma, kaa anamtembelea juu ya kiatu.

"Mama, ingia ndani basi," Mfamasia akasema.

"Nimejaribu, mwanangu. Miguu haitaki."

Mkubwa akapigiwa simu, akaja. Wakalizunguka gari wote watatu, wakiinama na kuchungulia. Dawa kila mmoja aliijua: karata ile mtu aiinue. Lakini kuiinua karata ya mwenzio ni kuilaza kwako, na sheria hiyo pia kila mmoja aliijua. Mkubwa akasema gari ni la Kitinda. Kitinda akasema zamu ni ya Dada. Mfamasia akasema mwenye kauli ni Kaka, yeye ndiye kifungua mimba. Kaka akagusa paa la gari, akasema rangi yake nzuri. Wakatazamana, na mmoja wao, hawakukumbuka baadaye ni nani, akasema Mama mwenyewe anaonekana amefurahi.

"Eti Mama, unaonaje?"

"Mimi?" alisema Mama Pasi. "Mimi nimekaa."

Wakashusha pumzi. Chai ikaletwa garini.

Yaliyofuata yalikwenda vizuri. Aliposhuka kuoga au kunyoosha magoti kaa alimwachia, kwa kuwa hakwenda kukaa; alikaribishwa kwenye nyumba iliyokuwa karibu, na alipomaliza miguu ilimrudisha. Mikeka na mablanketi vilipatikana, kiti kikafanywa kilale. Jumapili mchezo ulihamia garini, Mkubwa na Mfamasia mbele, Kitinda na mama yake nyuma, vioo vimefungwa maji yasimwagike, na karata zikawa zinapita kushoto kama kawaida. Kaa wawili waliobaki bado walizikwa kila walipotokea, kwa mazoea. Bahari ya Mama Pasi haikuinuliwa mchezo ukiisha, ikabaki humo wiki nzima: dagaa chini ya viti, taa akimulika sakafu, kiti cha pweza chenye ncha tano kimebandikwa kwenye mkanda wa usalama. Kasa alihama kutoka chini ya friji bila kuaga.

Wanafunzi walimzoea upesi. Walijifunza kukanyaga breki taratibu, kwani ukiikanyaga ghafla dagaa wote wanakuja mbele. Walijifunza kukata kona bila kumwaga. Aliyetetemeka, Mama Pasi alimpa peremende kutoka nyuma na kumwambia hata pasi ina moto, lakini inashikwa mpini. Mtahini alipokuja alipandisha miguu yake juu, akaandika kwamba mwanafunzi anajali abiria. Walifaulu wengi, na shule ya Kitinda ikasifiwa mjini.

Watoto nao waliendelea kusifiwa. Zamu hazikubadilika. Mwezi wa Mkubwa, jioni Kitinda aliegesha gari uani kwa Mkubwa, na mke wa Mkubwa akapitisha sahani dirishani. Mwezi wa Mfamasia liliegeshwa kwa Mfamasia. Walipoulizwa hali ya mama yao walijibu bila kusita, "Mama yuko kwetu mwezi huu," na haukuwa uongo. Msumari hakuna aliyeugongelea, kwa kuwa sasa hapakuwa na haja.

Siku alipolitoa gauni sandukuni, Mama Pasi alimwomba mwanafunzi wa asubuhi asiwashe gari kwanza. Alilikung'uta, akatoa koti la Kitinda kwenye kindoano, akalikunja akalitia sandukuni, akatundika gauni pale juu ya dirisha. Joto la bahari likapanda polepole ndani ya marinda, kama mvuke, na yeye akakaa akilitazama, hana haraka. Mwanafunzi akasema ni zuri. Mama Pasi akasema anajua.

Mwezi ulipokwisha, gari likatoka kwa Mkubwa jioni na mapema, Mkubwa amesimama getini akipunga mkono mpaka lilipopotea. Kwenye njia panda likakata kushoto, kuelekea kwa Mfamasia. Dagaa wakaenda kulia, gauni likayumba kidogo, kisha likatulia. Halikuwa na kunjo hata moja.